Glavu na buti za pikipiki msimu wa mvua: namna ya kuchagua na kujaribu kabla hujalipa

Mvua ya Uganda si ya aina moja, na uchaguzi unaanzia hapo. Kusini na kandokando ya Ziwa Victoria misimu ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mara nyingi mvua inamwagika kwa kishindo saa moja au mbili, kisha jua linarudi na lami inafuka mvuke. Kaskazini, Gulu hadi Arua, msimu ni mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba. Kabale, Kisoro na Kapchorwa ni habari nyingine: huko juu manyunyu yanaweza kukaa asubuhi nzima, na baridi inashika vidole hata mvua ikiwa haba. Anayebeba abiria kati ya Wandegeya na Ntinda, mitaa ya Kampala, hahitaji glavu za mtu anayepanda Kapchorwa saa kumi na mbili asubuhi.

Jambo la pili wauzaji hawalisemi. Maji mengi hayapiti kwenye kiganja cha glavu wala kwenye ngozi ya buti. Yanaingilia kwenye maungio: pale mkono wa koti unapokutana na glavu, na pale pindo la suruali linapokutana na buti. Ndiyo maana mtu ananunua buti za bei kali na bado anafika nyumbani soksi zinakamulika. Kwa hiyo usichague glavu peke yake wala buti peke yake. Nenda dukani na koti lako la mvua, suruali ya mvua, soksi utakazovaa, na pikipiki yenyewe uiegeshe mlangoni. Muuzaji akikukatalia kutoka na glavu hadi kwenye pikipiki kwa dakika tano, achana naye.

Glavu: pima mkono kwanza

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kiganjani juu ya vifundo vya vidole, bila kuhesabu kidole gumba, kwenye mkono unaoutumia zaidi. Kwa vipimo vya Ulaya namba ya glavu ni karibu sawa na inchi ulizopata: milimita 203 ni namba 8, milimita 229 ni namba 9, milimita 254 ni namba 10. Herufi M, L na XL usiziamini sana, maana L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Ukiangukia katikati ya namba mbili, chukua kubwa ikiwa glavu ina utando wa kuzuia maji ndani, na ndogo ikiwa ni ngozi tupu, kwa sababu ngozi hutanuka ikilowa.

Ukishaivaa na kunyoosha mkono, kila ncha ya kidole ibaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5. Ukikunja ngumi, nafasi hiyo iishe bila kidole kubanwa. Glavu inayobana inapunguza damu vidoleni, na kidole kisichopata damu kinakufa ganzi hata kikiwa kikavu kabisa. Wengi hulaumu baridi ya Kabale kwa kosa la namba ya glavu.

Aina utakazokutana nazo

Ngozi tupu isiyo na utando ndiyo bora ukianguka. Kwenye mvua kubwa italowa baada ya dakika chache, itakuwa nzito na kulegea, na ikikauka vibaya itakakamaa. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inakupa hisia nzuri ya klachi na breki, na hubaki laini kuliko ya ng'ombe baada ya kulowa na kukauka mara nyingi. Kwa mtu wa mjini anayejikinga chini ya paa la kituo cha mafuta mvua ikizidi, hii inatosha, mradi awe na jozi nyembamba za mpira za kuvalia juu yake.

Glavu zenye utando zina tabaka tatu: ganda la nje la ngozi au nailoni nzito, utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno visivyopitisha tone la maji ila vinapitisha mvuke wa jasho, na bitana. Hapa kuna mtego kwa mazingira yetu. Mvuke hutoka kwa sababu ndani ya glavu kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kabale alfajiri tofauti hiyo ni kubwa, utando unafanya kazi. Kampala au Arua mchana, hewa ikiwa na joto na unyevu tele, tofauti ni ndogo na jasho linabaki mkononi. Tena glavu nyingi za kuzuia maji zinazoletwa kutoka Ulaya zimetengenezwa kwa majira yao ya baridi, na zina bitana ya joto ya gramu 100 au 200 kwa mita mraba. Ukizivaa Soroti utadhani zinavuja, kumbe ni jasho lako. Kwa maeneo ya chini tafuta yenye utando lakini bila bitana ya joto. Kwa Kigezi (Kabale na Kisoro) na miteremko ya Mlima Elgon (Kapchorwa), gramu 40 zinatosha wengi, na 100 kwa anayesafiri usiku.

Aina ya tatu ni glavu za mpira au PVC (aina ya plastiki) za wavuvi na wa viwandani. Maji hayapiti hata kidogo na bei ni ndogo. Lakini ukianguka kwenye lami zinachanika mara moja, na zile zinazoteleza zikilowa ni hatari kwenye eksileta. Zikubali kama vazi la juu ya glavu nyingine tu, zikiwa na kiganja chenye chembechembe za kushika, na namba moja au mbili juu ya ile ya kawaida yako.

Kuhusu alama. Glavu iliyopimwa kwa ajili ya pikipiki huwa na lebo ndani yenye picha ya mwendesha pikipiki na maandishi EN 13594, yaani kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki, pamoja na namba 1 au 2. Katika kipimo cha mkwaruzo, kiganja cha daraja la 1 lazima kistahimili mashine sekunde 4, cha daraja la 2 sekunde 8. Ukiona KP, kinga ya vifundo vya vidole nayo imepimwa. Namba hizo zinahusu kuanguka, si mvua. Neno la Kiingereza la kuzuia maji lililochapwa kwa rangi mgongoni mwa glavu, bila lebo yoyote ndani, lisikufanye utoe pesa.

Majaribio ya dukani

Anza na utando. Lowesha mkono kidogo tu, kama ulionawa ukafutwa haraka. Vaa glavu, kisha uvue kwa kuvuta ncha za vidole. Angalia ndani. Bitana ikitoka nje pamoja na vidole vyako, irudishe rafu na uondoke. Katika glavu za bei ya chini utando na bitana vinaning'inia tu ndani ya ganda, na vimeshikwa pindoni peke yake. Siku ya mvua utasimama kuongea na simu, utavua kwa mkono uliolowa, vidole vya bitana vitageuka nje, na havitarudi mahali pake hadi ufike nyumbani. Utamaliza safari mkono mtupu. Glavu nzuri zina bitana iliyobandikwa au kushonwa kwenye ganda kwenye kila ncha ya kidole. Unaweza kulihisi hilo: shika ncha ya kidole cha glavu kwa nje, na kwa mkono mwingine vuta bitana kwa ndani. Isisogee.

Pili, mkanda wa kifundo cha mkono. Ufunge, kisha mwambie mtu avute glavu kwa ncha za vidole kwa nguvu. Ikichomoka, siku ya kuanguka itachomoka vilevile kabla kiganja hakijagusa lami. Angalia pia sehemu ya chini ya kiganja, upande wa kifundo, kwa sababu ndiyo tunayotangulizia tukianguka. Hapo pawe na ngozi ya tabaka mbili au kipande kigumu.

Tatu, kaa kwenye pikipiki, injini imezimwa. Vuta klachi mara ishirini mfululizo, kwa vidole viwili kisha kwa vinne. Kama kitambaa kinajikunja kati ya leva ya klachi (mkono wa kuvuta) na mpira wa usukani, klachi haitakata sawasawa: gia zitagoma na pikipiki itataka kusonga ukiwa kwenye foleni. Hakikisha klachi yenyewe ina ulegevu wa milimita 2 hadi 3 kwenye leva kabla ya kuilaumu glavu. Kisha upande wa kulia: fungua eksileta yote na uiachie. Irudi yenyewe bila kushikwa na mkunjo wa kiganja. Vuta breki ya mbele polepole na usikilize kidoleni ni wapi inaanza kushika. Usipoihisi hapo dukani, barabarani kwenye lami yenye maji utaivuta kupita kiasi na gurudumu la mbele litateleza. Malizia kwa kidole gumba cha kushoto: indiketa na honi, bila kutazama.

Kwa anayefanya kazi ya bodaboda kuna jaribio moja zaidi. Toa noti za shilingi 1,000 mfukoni na uzihesabu ukiwa umevaa glavu. Ukishindwa, utakuwa unazivua kwa kila abiria, na glavu inayovuliwa mara arobaini kwa siku kwenye mvua haizuii maji yoyote.

Kitu kidogo kizuri ambacho wengi hawakijui ni kipande cha mpira kama cha waipa kwenye kidole cha shahada au gumba cha kushoto. Ni cha kufutia kioo cha helmeti. Kikiwa mkono wa kulia hakina faida, kwa kuwa mkono huo uko kwenye eksileta.

Mkono wa koti: ndani ya glavu au nje?

Watu hubishana bure. Jibu liko kwenye pikipiki yako. Kaa kama unavyoendesha, koti limevaliwa, na mwenzako akumwagie kikombe cha maji taratibu katikati ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Maji yakiteremka kuelekea kwenye vidole, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi zenye usukani wa chini au wa wastani, mkono wa koti ufunike glavu. Yakirudi kuelekea kiwikoni, kwa sababu usukani umeinuliwa juu, glavu yenye shingo ndefu ifunike koti.

Kwa hali ya kwanza tafuta glavu yenye shingo fupi, nyembamba, inayoingia chini ya koti bila kujikunja, na mkono wa koti uwe na lastiki au mkanda wa kunata. Kwa hali ya pili shingo iwe na urefu wa sentimita 8 au zaidi kupita kifundo, na kamba ya kukazia mwishoni. Kosa baya ni shingo pana isiyokazwa juu ya mkono wa koti wakati maji yanateremka: inakusanya kila tone la begani hadi vidoleni, na kwa sababu utando hautoi maji, glavu inabaki imejaa.

Zile kava za usukani za turubai au ngozi bandia zinazofungwa na madereva wengi zinasaidia kweli, kwa mvua na kwa upepo, na zinaruhusu kuvaa glavu nyembamba. Zikague mambo mawili. Upepo ukiisukuma kava ikagusa leva ya breki ya mbele, breki itakuwa inaburuta na taa ya nyuma kubaki imewaka. Weka waya mgumu ndani kuishikilia mbali. Na mdomo wake uwe mpana kiasi mkono utoke bila kutafuta njia.

Buti

Ndara na lugabire (makubazi ya tairi) tuziache nje ya mazungumzo haya. Mguu una kazi nne kwenye pikipiki: gia, breki ya nyuma, kiki, na kushika ardhi ukisimama. Kwenye matope ya murramu kazi ya nne ndiyo inayoangusha watu, tena wakiwa wamesimama, pikipiki imebeba abiria na gunia.

Pima mguu jioni, umeshavimba kidogo kwa kazi za mchana, ukiwa na soksi za kuendeshea. Simama juu ya karatasi, weka alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, upime sentimita. Ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5: utapata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 26.5 unatoa 28, mara 1.5 ni 42. Hesabu hii inasaidia sana Owino, soko la mitumba la Kampala, ambako kwenye rundo la mitumba buti moja imeandikwa kwa namba ya Uingereza na nyingine ya Marekani.

Gambuti ndizo watu wengi watanunua, kwa hiyo inafaa zijadiliwe kwa haki. Hazipitishi maji, unaziosha kwa ndoo moja, na zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Kasoro zake ni hizi. Hazishiki kifundo cha mguu, na ukianguka zinaweza kuchomoka. Shingo yake ni pana, inapokea maji yanayotiririka kutoka kwenye paja. PVC inalainika na kushika ikigusa eksozi, ambayo kwenye bodaboda nyingi iko kulia, karibu na mahali mguu unapokaa. Na soli pana inaweza kukaa juu ya pedali ya breki bila wewe kujua. Breki inapata moto, taa ya nyuma inawaka muda wote, anayekufuata hajui lini unasimama kweli.

Ukichagua gambuti, fanya hivi: chagua yenye soli isiyopita upana wa buti ya kawaida, hakikisha kuna kisigino kilichoinuka kinachozuia mguu kuteleza mbele kwenye kikanyagio, kata mkanda wa tyubu kuukuu wenye upana wa sentimita 4 na uuvalishe juu ya kifundo cha mguu ili buti isichezecheze, na suruali ya mvua iwe nje, ikifika chini ya kifundo, si ndani. Suruali ndani ya gambuti ni bomba la kujazia maji. Baada ya hapo kaa kwenye pikipiki, acha mguu wa kulia ulegee kawaida, washa swichi na umwombe mtu atazame taa ya breki. Ikiwaka, shusha pedali kidogo au tafuta buti nyembamba.

Buti za usalama za wajenzi zina ulinzi mzuri zaidi, ukijua kusoma alama. Kwenye ulimi au pembeni tafuta EN ISO 20345, kisha herufi. S3 ni ya ngozi au kitambaa, ina chuma au kofia ngumu ya vidole iliyopimwa kwa jouli 200, tabaka la kuzuia msumari kwenye soli, na sehemu ya juu inayostahimili maji kwa muda. Hiyo si buti isiyoingiza maji: mishono na ulimi havikuhakikishwa. Buti nzima inayozuia maji huandikwa WR. S4 na S5 ni za mpira au plastiki mwili mzima, yaani gambuti za usalama. S5 ndiyo yenye kinga ya msumari na soli ya meno. Kwa anayepita njia za matope kila siku na hataki gharama, S5 ni jibu zuri kuliko gambuti ya shambani.

Kofia ngumu ya vidole inaongeza unene wa ncha ya buti. Kwenye pikipiki zenye pedali ya gia ya pande mbili, mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, hilo halisumbui, kwa sababu unakanyaga tu. Kwenye pikipiki za aina ya Yamaha DT au Honda XL, ambazo lazima uinue pedali kwa kuingiza vidole chini yake, buti nene haitaingia, au itaingia na kunasa. Pedali inaweza kupandishwa: fungua boliti yake, mara nyingi ni ya spana namba 10, ichomoe kwenye meno ya shafti, irudishe jino moja juu, kaza. Jaribu kupandisha gia mara kadhaa kabla ya kuingia barabarani.

Buti zilizotengenezwa kwa pikipiki zina EN 13634. Chini ya picha ya mwendesha pikipiki kuna tarakimu nne, kila moja 1 au 2: urefu wa buti, kustahimili mkwaruzo, kustahimili kukatwa, na ugumu wa soli kwa upana. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana ndiyo inayozuia wayo kupondwa pikipiki ikilala juu yake. WR ikiwepo, maji yamepimwa. Zipu iwe upande wa ndani wa mguu, na nyuma yake pawe na mkunjo wa ngozi uliounganishwa pande zote mbili. Angalia mkunjo huo unaishia wapi. Ukiishia sentimita 12 kutoka ardhini, dimbwi la sentimita 15 litaingia, hata buti iwe na sifa gani. Kamba zifungwe upande wa nje, mbali na mnyororo na kikanyagio, na ncha zichomekwe ndani.

Meno ya soli yasiwe ya kina kupita kiasi. Milimita 3 au 4 zenye nafasi pana kati yake hushika na kujisafisha. Meno marefu yaliyosongamana hujaa udongo wa mfinyanzi, na baada ya hatua kumi unasimama juu ya soli laini ya matope.

Jaribio la beseni

Jaza beseni maji hadi sentimita 8 au 10. Vaa soksi nyepesi ya rangi hafifu ambayo ikilowa inaonyesha, vaa buti, simama ndani. Usisimame tu. Inua kisigino, kunja wayo, rudia kwa dakika 15. Buti nyingi hazivuji zikiwa zimetulia. Zinavuja pale vidole vinapokunjika, kwa sababu hapo ngozi hupasuka na gundi ya soli huachia. Vua na uangalie soksi imelowa wapi: mbele ni mkunjo au gundi, juu ya wayo ni ulimi, kando ya kifundo ni zipu.

Kwa gambuti tumia njia ya fundi wa pancha. Kunja shingo kuelekea chini huku umefungia hewa ndani, zamisha, tazama mapovu. Tundu kwenye gambuti ya mpira halisi linazibwa kwa kiraka na gundi ya tyubu. Kwenye PVC kiraka hicho kitabanduka. Inahitaji gundi ya PVC. Mpira halisi ni laini na hafifu kwa mng'ao, PVC inang'aa na ni ngumu zaidi asubuhi ya baridi.

Kwa glavu, jaza karatasi ya chooni kwenye kila kidole, zamisha hadi chini ya shingo kwa dakika 5, toa karatasi kidole kimoja kimoja. Kilicholowa ndicho kinachovuja. Muuzaji wa dukani huenda asikubali haya, basi patana mapema: ukijaribu nyumbani ikavuja, unarudisha, na iandikwe kwenye risiti.

Mitumba

Glavu na buti nzuri zinapatikana Owino kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, ila uzee hauonekani kwa macho. Soli za poliuretani huoza zenyewe kwa unyevu hata zikiwa hazijavaliwa. Bonyeza soli kwa ukucha na uikunje kwa nguvu: ikitoa unga, ikibaki na alama au ikipasuka, itaachana na buti ndani ya wiki. Buti za usalama zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo, usome. Ngozi bandia inajulikana kwenye ukingo uliokatwa, ambako utaona kitambaa chini ya rangi. Sugua glavu nyeusi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka sasa, itatoka mkononi. Kisha angalia kiganja dhidi ya mwanga, hasa kati ya kidole gumba na cha shahada, ambako eksileta hula ngozi kwanza.

Mvua ikikukuta bila vifaa

Kaveera (mfuko wa plastiki) huvaliwa ndani, si nje. Ukiivaa juu ya glavu, mkono unateleza kwenye eksileta. Vaa glavu nyembamba za hospitali au kaveera laini ndani ya glavu za ngozi, na kwa mguu, soksi, kaveera, soksi nyingine, kisha kiatu. Utatoa jasho, lakini upepo hautakupoza. Soksi za pamba hunywa maji na kuyashikilia. Za sufu au sintetiki ni bora. Jozi kavu iwe chini ya kiti, imefungwa.

Kukausha

Usiweke glavu wala buti karibu na sigiri. Moto unakakamaza ngozi, unaachia gundi, na utando ukiungua hautengenezeki. Kamua glavu kwa kuminya, si kwa kusokota, wala usiigeuze ndani nje. Ining'inize mdomo chini saa moja maji yatoke, kisha vidole chini mahali penye upepo na kivuli. Buti zijazwe magazeti na kubadilishwa baada ya saa mbili, tena kabla ya kulala. Toa soli ya ndani ya buti ikauke peke yake. Matope yaoshwe siku hiyohiyo, hasa kwenye zipu, kwa brashi ya meno kuukuu. Ngozi ikishakauka, paka nta ya nyuki kidogo kwenye mishono na mahali soli inapokutana na ngozi, uisugue kwa kidole hadi iingie, na uache usiku mzima kabla ya kuivaa.